Dada Anapoonewa Kazini: Haki Hulindwa kwa Karatasi



Kila masika, wageni hupungua katika hoteli za Diani, na wafanyakazi wengi huambiwa wakae nyumbani hadi msimu ujao. Miongoni mwao huweza kuwamo dada ambaye kisa chake ni kingine: alilalamika kwamba amekatazwa hijabu, au kwamba amepewa kazi nzito baada ya kujulikana ana mimba. Naye huambiwa vilevile, "msimu umekwisha." Kwa kuchelea maneno ya watu, hunyamaza, akasema amemwachia Mungu.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu wetu sote. Lakini kunyamazia dhuluma si sharti la subira.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, jinsia, mimba na mengineyo; na dai la ubaguzi likifikishwa mbele ya sheria, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutendeka. Kifungu cha 46 kinakwenda mbele zaidi: kumlalamikia au kumshtaki mwajiri si sababu ya haki ya kufukuzwa, ila ikidhihirika kwamba malalamiko hayakuwa na msingi wowote. Kwa hiyo kulipiza kisasi nako ni kosa.

Mwaka 2013, mahakama inayoshughulikia mashauri ya ajira ilimpa haki mfanyakazi wa benki aliyeachishwa kazi kwa ajili ya ujauzito. Katika hukumu ametajwa kwa herufi tatu tu, G.M.V. Wanaoogopa kuanikwa na wazingatie hilo.

Shauri la kazi haliendi kwa Kadhi. Huweza kuanzia kwa afisa wa kazi, ambaye hupelekewa malalamiko ndani ya miezi mitatu tangu kufukuzwa. Mahakamani muda ni miaka mitatu. Tena si lazima mtu wa Msambweni avuke kwenda Mombasa: tangu mwaka 2018, mahakimu kuanzia ngazi ya Hakimu Mkazi Mwandamizi wameruhusiwa kusikiliza mashauri ya wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada kwa FIDA Kenya, yenye ofisi Mombasa.

Tusidanganyane: kesi huchosha, na fidia ya kufukuzwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12. Mara nyingi hushinda aliyejiandaa mapema. Basi dada, lalamika kwa maandishi na ubaki na nakala. Hifadhi mkataba, ratiba za zamu na ujumbe wa malipo katika simu. Andika tarehe na majina ya waliokuwapo. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Na ukiitwa kujitetea kwa kosa, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mwenzako wa kazini uliyemchagua.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul-Baqarah, imehusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la mkopo limetiliwa mkazo kiasi hicho, jasho la binti zetu halistahili kuachwa bila hata kipande cha karatasi.

Wazazi na waume, msiwaambie wanyamaze. Wasindikizeni.