Kupa, kutoa na mkono wa birika

Katika karata za taroti alizochora Pamela Colman Smith mwaka wa 1909, ipo moja ya ukarimu: tajiri amesimama, mkono mmoja umeshika mizani, wa pili unadondosha sarafu kwa maskini waliopiga magoti. Mwanafunzi mmoja hapa Lugulu alinionyesha akiuliza Kiswahili kinauchoraje ukarimu.

Kwa mkono, nilimjibu. Mchoyo ana ‘mkono wa birika’. Naona ni kwa sababu kishikio hicho kimejikunja kikarudi kwenye birika lenyewe. Ila mambo yako kwenye vitenzi. ‘Kupa’ hakikamiliki bila mpewa: nampa, tunawapa. ‘Kutoa’ chaweza kumsitiri: ametoa, basi. Kutoa ni moyo, si utajiri, wasema wahenga, mizani haimo.

Sasa sikiliza hafla zetu za basari. Mheshimiwa ‘anawapa’ wazazi karo, nao wanashukuru ‘fadhila’ zake. Fadhila gani, jamani, na hizo ni pesa za kodi? Kitenzi cha hapo ni ‘kugawa’, na anayegawiwa chake hapigi magoti.

“Lakini Prof,” akasema kijana, “usipopiga, jina linakatwa.”