Uingereza: Kosa la Zamani, Adhabu Mpya

Wanaharakati wakikaa tu barabarani hapa Uingereza, makundi yetu ya WhatsApp hujaa lawama: kwani hakuna sheria? Ipo, na ni ya 1980. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Barabara kinakataza kuziba njia kwa makusudi. Ila kwa miaka mingi adhabu yake ilikuwa faini tu.

Septemba 2021 wanaharakati wa kundi la Insulate Britain wakaanza kuketi kwenye M25, barabara ya kilomita 188 inayoizunguka London, wakidai nyumba ziwekewe kinga ya baridi. Walikamatwa, wakaachiwa, wakarudi. Faini haikumtisha mtu. Ikabidi ombi la zuio lipelekwe Mahakama Kuu, na Novemba tisa kati yao wakaenda jela, si kwa kuziba barabara bali kwa kudharau mahakama, yaani kuvunja zuio hilo.

Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua jambo lililowapa waandamanaji nguvu: kuziba njia kunaweza kulindwa na haki ya kuandamana, kutegemea muda, mahali na ukubwa wa usumbufu.

Ndipo ikaja sheria ya 2022. Kifungu cha 137 kikapewa kifungo cha hadi miezi sita, na magazeti yakashika hilo. Mimi naona kisu chenyewe kilikuwa kifungu cha 78 cha sheria hiyo mpya, kosa la kuleta kero kwa umma, ambalo kifungo chake hufika miaka 10. Wanaharakati wawili wa kundi la Just Stop Oil waliopanda daraja la Dartford Oktoba 2022 walihukumiwa kwa hilo, mmoja miaka mitatu, mwenzake miwili na miezi saba. Mwanaharakati mwingine, Roger Hallam, hata barabarani hakukaa. Kwa kula njama ya kuleta kero hiyo, ushahidi ukiwa kikao cha Zoom, alipewa miaka mitano Julai 2024. Rufaa ikampunguzia mmoja.

Sheria ya 2023 ikaongeza makosa ya kujifunga kwa gundi au minyororo, mengi yakiwa yaleyale ambayo Baraza la Malodi lilikuwa limeyakataa Januari 2022.

Kwa sisi tusio raia kuna hesabu nyingine. Tangu sheria ya uhamiaji ya 2007, mgeni akifungwa miezi 12 au zaidi huingia kwenye utaratibu wa kufukuzwa nchini, isipokuwa awe na kinga fulani. Kifungu cha 137 peke yake hakifiki huko; cha 78 kinafika. Mmoja wa wale wa darajani ni Mjerumani, na alipotoka jela ilimbidi apigane asirudishwe kwao.