Chombo cha Mizigo Kisicho na Rubani

Kituo cha angani ni nyumba isiyo na kisima wala shamba. Chakula cha wanaanga, maji yao, hewa wanayovuta, na hata fueli ya injini za kituo, asili yake ni duniani. Tena, kituo kinachoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita zipatazo 350 hukutana na chembe chache za hewa zinazoupinga mwendo wake na kukishusha kidogo kidogo. Injini zisipokipandisha tena mara kwa mara, hatimaye kitaanguka. Kwa hiyo muda wa watu kuishi huko hutegemea shehena inayowafikia.

Tarehe 20 Januari 1978, Umoja wa Kisovieti ulirusha chombo Progress 1 kutoka Baikonur. Siku mbili baadaye kilijiunga chenyewe na kituo cha Salyut 6, walimokuwamo Yuri Romanenko na Georgi Grechko. Kilichukua kilo zipatazo 2,300 za shehena. Karibu kilo 1,000 kati ya hizo zilikuwa fueli pamoja na kioksidishi chake.

Kwa nini hakina watu?

Progress kilitokana na Soyuz, chombo cha kuchukulia watu. Wahandisi waliondoa viti, mitambo ya kuhifadhi uhai, miavuli na ngao ya joto. Chombo chenye watu sharti kiwarudishe salama, na kila kifaa cha safari ya kurudi hula sehemu ya uzito ambao roketi yaweza kuinua. Progress hakirudi. Mizigo ikishatolewa, hujazwa takataka, huachana na kituo, kisha huelekezwa katika angahewa juu ya Bahari ya Pasifiki, ambako huungua.

Kuhamisha fueli

Duniani, petroli hukaa chini ya tangi na hewa hukaa juu yake. Angani, ambako vitu huelea, kiowevu na gesi huchanganyika, na bomba laweza kuvuta mapovu badala ya fueli. Kwa sababu hiyo matangi ya Salyut 6 yaliwekewa kiwambo kinachokunjuka: upande mmoja fueli, upande wa pili gesi ya nitrojeni. Kwanza kompresa iliirudisha nitrojeni katika mitungi yake, na kanieneo ndani ya tangi ikapungua. Ndipo fueli ya Progress, ikisukumwa na kanieneo kubwa zaidi, ilipopita mabombani na kulijaza tangi.

Hatari yake

Kitu kinachoelea huonekana hakina uzito, lakini tungamo lake halipungui. Tarehe 25 Juni 1997, Progress M-34, chombo cha tani kadhaa, kilikuwa kikiongozwa kwa mkono kutoka ndani ya kituo cha Mir katika jaribio. Kilishindwa kusimama kwa wakati, kikaigonga moduli ya Spektr na kuitoboa. Hewa ikaanza kuvuja. Wanaanga watatu waliokuwamo waliziondoa nyaya zilizopita mlangoni, wakaifunga moduli hiyo, wakaokoka.

Hata hivyo faida ya vyombo hivi imethibitika. Romanenko na Grechko walikaa angani siku 96, wakiipita rekodi ya siku 84 iliyowekwa na Wamarekani katika Skylab. Tangu mwaka 2000, vyombo vya Progress vimekihudumia pia Kituo cha Kimataifa cha Angani. Wanaanga husifiwa kwa kukaa huko muda mrefu. Sehemu ya sifa hiyo ni ya chombo kinachoungua baada ya kuwafikishia riziki.