Je, wajua spika ya jikoni hupataje wimbo wa sebuleni?

Sauti inayotumwa bila waya kutoka chumba kimoja hadi kingine haisafiri ikiwa sauti. Mtu akisimama katikati ya simu inayotuma na spika inayopokea hasikii chochote kikipita. Kinachopita mbele yake, na kwa sehemu hata ndani ya mwili wake, ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta taarifa ya habari kutoka kwenye mnara wa kituo cha utangazaji, ila haya hurushwa kwa nguvu ndogo sana na yamekusudiwa kufika mita chache tu. Kazi ya spika ni kuyadaka, kuyafasiri, na kuyageuza yawe mtikisiko wa hewa unaotambuliwa na sikio.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1930 huko Marekani ziliuzwa gramafoni zisizo na spika. Ndani yake mlikuwa na mtambo mdogo wa kurushia redio. Santuri ikizunguka, wimbo ulirushwa kwenye masafa yasiyo na kituo, na redio ya nyumbani iliyowekwa kwenye masafa hayo iliupokea kana kwamba unatoka studio. Njia hiyo haijafa. Vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari na kupeleka muziki wa simu kwenye redio ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, vinafanya kazi ileile. Udhaifu wake nao ni uleule: masafa hayo ni ya vituo vya utangazaji, mjini ni shida kupata nafasi iliyo wazi, na kituo kikubwa hukimeza kirushio kidogo mara moja.

Vifaa vingi vya leo havirushi wimbo wenyewe, hurusha namba. Katika diski ya CD, mawimbi ya sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na kazi hiyo hufanywa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa kila sekunde moja ya muziki. Mzigo huo ni mzito kwa njia nyembamba ya hewani, hivyo kwanza hupunguzwa.

Njia iliyoenea kuliko zote ni Bluetooth. Ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alipewa kazi ya kubuni redio nafuu ya umbali mfupi ya kuunganisha simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba ziliunda umoja wa kuisimamia. Jina lenyewe ni la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuyaunganisha makabila ya nchi yake. Lilipendekezwa kama jina la muda, likabaki.

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo yameachwa wazi karibu dunia nzima kwa yeyote bila leseni. Kwa kuwa yako wazi, yana msongamano. Wi-Fi imo humo, na jiko la maikrowevu hupasha chakula kwa gigahezi 2.45, kwa hiyo mawimbi machache yanayovuja mlangoni mwake yanatosha kuukatakata wimbo wa spika iliyo karibu. Ili kujiokoa, Bluetooth haitulii mahali pamoja. Imeugawa ukanda wake kuwa njia 79 na huruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaojulikana na vifaa viwili vinavyozungumza tu. Njia moja ikiwa na kelele, inayofuata huenda ikawa safi, na zile zenye kelele kila mara huachwa. Wazo la kurukaruka masafa liliwahi kupewa hataza nchini Marekani mwaka 1942, kwa jina la mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil. Walikusudia kuyaongoza makombora ya majini bila adui kuvuruga mawasiliano, na waliyahesabu masafa yao kuwa 88, sawa na vibonye vya piano.

Kupunguza mzigo wa biti ni kazi ya programu ndogo iliyo ndani ya simu. Kila kifaa cha muziki cha Bluetooth ya kawaida ni lazima kiijue programu iitwayo SBC. Huugawa wimbo katika mikanda 4 au 8, kuanzia besi hadi sauti nyembamba, kisha huupa mkanda wenye kishindo biti nyingi na mkanda dhaifu biti chache. Inategemea tabia ya sikio: ngoma inapopigwa kwa nguvu, sauti ndogo zilizo jirani nayo hufunikwa, na msikilizaji hawezi kudai asichokisikia. Kwa kiwango chake cha juu kinachotumika sana, SBC hutuma biti 328,000 hivi kwa sekunde, chini ya robo ya zile za CD.

Kuta ni habari nyingine. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na tabia yake mbele ya kizuizi hutegemea kizuizi hicho ni cha nini. Mbao na dari ya jipsamu hazimsumbui mtu. Tofali hupunguza nguvu ya wimbi lakini huliacha lipite. Zege lenye nondo ni gumu zaidi, na kuta nene za mawe ya matumbawe katika nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo kabla wimbi halijatokea upande wa pili. Mabati hayapitishi kabisa, huyarudisha mawimbi yalikotoka, na ndivyo lifanyavyo friji lenye mwili wa chuma. Maji hufyonza, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji: simu iliyo kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya mtu aliyeipa spika uso huweza kukatika mita 6 tu, wakati ikiwekwa mezani hufika 10 bila taabu. Mara nyingi kuhamisha spika hatua mbili, itoke nyuma ya friji na kuelekea mlango ulio wazi, hufanya kazi kubwa kuliko kununua nyingine.

Kwa nyumba kubwa, Wi-Fi inafaa zaidi. Rauta hurusha kwa nguvu kubwa kuliko simu, ina njia pana, na inaweza pia kutumia gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi ingawa kuta huzuia zaidi. Apple ilitoa AirPort Express mwaka 2004, kifaa cha kuchomekwa ukutani kilichopokea muziki wa kompyuta na kuupeleka kwenye redio ya nyumbani. Sonos, kampuni iliyoanzishwa Santa Barbara, California, mwaka 2002, ilianza kuuza vifaa vyake vya kusambaza muziki vyumbani mwaka 2005. Tofauti kubwa iko katika nani anabeba wimbo. Kwa Bluetooth simu ndiyo mbebaji: ikiondoka nyumbani, muziki umeondoka nayo. Katika mifumo mingi ya Wi-Fi simu huagiza tu, na spika yenyewe huuchukua wimbo kwenye intaneti kupitia rauta. Simu ikilia au ikizimika, wimbo unaendelea.

Hata hivyo, kurusha si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni kuzifanya spika za vyumba tofauti zipige kwa pamoja.

Mawimbi ya redio huvuka mita 10 kwa sehemu 33 za bilioni ya sekunde, kwa hiyo hewani hakuna kinachochelewa. Ucheleweshaji uko ndani ya vifaa. Simu hukusanya vipimo vya sauti mpaka vifikie fungu, hulipunguza, hulifunga katika pakiti na kulituma. Pakiti ikipotea njiani hutumwa tena. Spika nayo haichezi kila pakiti inapofika, bali huweka akiba kwanza, kama nyumba inavyoweka tangi la maji: bomba la mtaa likikatika dakika kadhaa, bafuni maji yanaendelea kutoka. Tangi kubwa huvumilia mkatiko mrefu, lakini pia wimbo hukaa ndani yake muda mrefu kabla ya kusikika. Kwa Bluetooth ya kawaida, ucheleweshaji wote kwa pamoja mara nyingi huwa kati ya milisekunde 100 na 300.

Kwa muziki wa chumba kimoja hilo halina madhara. Kwa vyumba viwili ni tatizo, na chanzo chake ni saa. Kila kifaa cha kidijitali kina fuwele ndogo ya kwatzi inayotetemeka na kukihesabia muda. Fuwele mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja haziendi sawa kabisa, na tofauti ya sehemu 20 katika milioni ni ya kawaida. Sehemu 20 katika milioni huonekana si kitu, lakini saa moja ina sekunde 3,600, na mwisho wa saa hiyo spika moja itakuwa imeitangulia nyingine kwa milisekunde 72.

Sikio lina kiasi chake cha kusamehe. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti moja ikifika mara mbili kwa kupishana kidogo, hadi milisekunde 30 au zaidi kidogo, mtu husikia sauti moja tu, tena akiamini kwamba inatoka kule ilikofika kwanza. Ikivuka milisekunde 50 hivi, maneno huanza kusikika kama mwangwi. Na hewa yenyewe hula sehemu ya kiasi hicho. Mtu aliyesimama kwenye ujia, mita 3 kutoka spika ya sebuleni na mita 10 kutoka ya jikoni, tayari anapata tofauti ya milisekunde 20, kwa sababu sauti hutembea mita 343 tu kwa sekunde. Ukiongeza milisekunde 72 za saa zilizopotoka, kila neno la mwimbaji litamfikia mara mbili.

Dawa yake ni mazungumzo yasiyokoma. Spika moja hufanywa kiongozi, na nyingine huiuliza saa tena na tena. Swali likienda na jibu kurudi kwa milisekunde 4, huchukuliwa kwamba njia ya kurudi ilikula 2, na saa hurekebishwa kwa hesabu hiyo. Ni akili ileile ambayo mtaalamu wa kompyuta David Mills aliipa mitandao ya kompyuta mwaka 1985 ili saa zake zikubaliane. Kila pakiti ya wimbo hubandikwa muda wa kuchezwa, muda ambao bado haujafika, na kila spika huishika mpaka muda huo. Iliyo na saa ya haraka huongeza, na yenye saa ya polepole hupunguza, kipimo kimoja katika kila vipimo 50,000, karibu kimoja kwa sekunde, na kwa ufundi mzuri hakuna sikio linalolitambua rekebisho hilo. Spika mbili zinazogawana kushoto na kulia katika chumba kimoja zinadai usahihi mkubwa zaidi: kupishana kwa chini ya milisekunde moja kunatosha kumhamisha mwimbaji kutoka katikati na kumsogeza upande mmoja.

Mbele ya televisheni sheria hubadilika tena. Watazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia midomo kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa 125. Mashine nyingi hutatua hilo kwa kuichelewesha picha. Mpiga kinanda hana picha ya kuchelewesha: akibonyeza kibonye na noti ikamjia robo sekunde baadaye, hawezi kupiga. Kwake waya bado ni bora, na ndivyo ilivyo kwa mchezaji wa michezo ya kompyuta.

Mwaka 2020 wasimamizi wa Bluetooth walitangaza mfumo mpya wa sauti wenye programu ya LC3, inayotoa ubora unaolingana na wa SBC kwa takriban nusu ya biti. Mfumo huo unaruhusu kifaa kimoja kutangaza kwa vipokezi vingi kwa wakati mmoja, vikiwemo vifaa vya kusaidia usikivu, hivyo mzee asiyesikia vizuri anaweza kuipata sauti ya televisheni moja kwa moja masikioni bila kuwaongezea wengine kelele.

Waya mmoja hauondoki, ule wa umeme. Simu nyingi hutuma Bluetooth kwa miliwati chache, na kiwango rasmi kinataka kipokezi kiweze kuisoma ishara yenye nguvu ya wati moja iliyogawanywa mara bilioni 10. Nguvu hiyo inatosha kubeba habari za wimbo lakini haitoshi kuutikisa hata utando wa spika ndogo, ambayo huhitaji wati kadhaa. Kwa hiyo spika isiyo na waya bado inatafuta soketi ukutani, au betri inayochajiwa kutoka soketi hiyohiyo.