Watu wa Pearland wanaofagia kiini cha Linux

PEARLAND, Texas – Kwa siku za kazi sisi wa Pearland tunaijua barabara moja tu, nayo ni ile ya 288. Asubuhi inatupeleka kwenye hospitali za Texas Medical Center mjini Houston, na jioni inaturudisha tukiwa hoi. Lakini Jumamosi jioni wachache miongoni mwetu hukutana sebuleni kwa mwenzetu mmoja, chai ya tangawizi mezani na kompyuta mapajani, tukasoma msimbo wa kerneli ya Linux. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, inayozungumza na diski na mtandao, na inayoamua programu ipi ipate zamu.

Huenda msomaji wetu wa Tandale au wa Kisumu akauliza: hayo yananihusu nini mimi? Yanakuhusu kwa sababu kerneli hiyo umeitia mfukoni. Kila simu ya Android inaendeshwa na kiini ambacho mwanafunzi mmoja wa Kifini, Linus Torvalds, alikianza mjini Helsinki mwaka 1991. Leo kina mistari zaidi ya milioni 30 ya msimbo, na kwa wengi wa ndugu zetu nyumbani simu hiyo ndiyo benki, ndiyo posta, ndiyo albamu ya picha za marehemu.

Wengi hudhani mtengeneza programu kazi yake ni kuongeza vitu vipya. Ikumbukwe kuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituletea Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na baadhi yetu ndipo tulipopata kiu ya programu huria. Ile ilikuwa kazi ya juu, inayoonekana kwa macho. Hii ya Jumamosi ni ya chini kabisa, na sehemu yake kubwa ni kuondoa. Tunatafuta fanksheni ambazo hakuna anayeziita tena, na tunatafuta mahali ambapo kerneli imepoteza hesabu ya nani bado anatumia nini.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo yenye hatari.

Fikiria ukumbi tuliokodi kwa ajili ya harusi. Mlangoni kasimama kijana na kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu. Anayeingia, moja inaongezwa. Anayetoka, moja inapunguzwa. Hesabu ikifika sifuri, mwenye ukumbi anazima taa, anafunga, na anaukodisha kwa wengine. Kerneli hufanya vivyo hivyo kwa kila kipande cha kumbukumbu kinachotumiwa na wengi: anayekishika anaongeza rejeo, anayekiachia anapunguza, na wa mwisho ndiye anayekirudisha ghalani.

Sasa kuna makosa mawili. La kwanza, mtu katoka kwa mlango wa jikoni bila kuhesabiwa. Ukumbi u mtupu lakini taa zinawaka usiku kucha, na bili inakuja. Kwenye kompyuta hilo ni kumbukumbu inayovuja kidogo kidogo hadi mashine inachoka. La pili ni baya zaidi: mtu mmoja kapunguzwa mara mbili. Kidude kinasema sifuri, ukumbi unapewa wengine, kumbe bibi harusi bado yumo ndani anabadilisha nguo. Hapo ndipo mdukuzi anapoingia, kwa sababu kipande kile cha kumbukumbu sasa kina wenyeji wawili, na mmoja wao ni yeye.

Januari 2016 watafiti wa kampuni ya Perception Point walitangaza kasoro ya aina hii iliyopewa namba CVE-2016-0728. Ilikuwamo katika kerneli tangu toleo 3.8, lililotoka Februari 2013, na ilihusu sehemu inayotunza funguo za siri za programu. Programu ikiomba kuingia kwenye fungu la funguo ambalo tayari imo, kerneli iliongeza rejeo na kusahau kulipunguza. Ni sawa na mgeni anayepita mlangoni tena na tena bila kuhesabiwa akitoka. Kidude kile kilikuwa cha biti 32, yaani kikibonyezwa mara 4,294,967,296 kinarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Watafiti waliandika programu ndogo iliyobonyeza mara zote hizo kwa karibu nusu saa. Hesabu ikasema hakuna mtu, kumbukumbu ikaachiwa, na mtumiaji wa kawaida akageuka kuwa mkuu wa mashine nzima.

Watafiti hao walikadiria kuwa asilimia 66 ya vifaa vya Android vilikuwa hatarini. Google ilipinga, ikieleza kuwa simu nyingi za zamani zilikuwa na kerneli iliyotangulia toleo 3.8. Vyovyote iwavyo, dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: achia rejeo kabla ya kuondoka. Kasoro ya karibu miaka mitatu, mstari mmoja! Kila tukimsimulia mgeni kisa hiki hutuangalia kama tunamtania.

Mwaka 2017, kuanzia toleo 4.11, wasimamizi wa kerneli walileta kihesabu kipya ambacho kikifika kikomo kinakwama pale pale na kupiga kelele badala ya kuzunguka hadi sifuri. Mwaka 2023 yakaja matengenezo mengine, toleo 6.5, yanayoiwezesha kompaila yenyewe kuachia kitu pindi fanksheni inapokwisha. Hata hivyo msimbo wa miaka thelathini haubadiliki kwa amri. Maelfu ya sehemu bado hutegemea kumbukumbu ya mwandishi, na sisi tumegundua kuwa kasoro hazikai njia kuu, bali njia za makosa. Mwandishi ameandika vizuri kabisa pale mambo yanapokwenda sawa. Lakini kifaa kikikataa kujibu katikati ya kitanzi, fanksheni inatoka mbio kwa mlango wa jikoni, na rejeo linabaki mkononi.

Tukija kwenye fanksheni zilizosahauliwa, hapa tuna aibu yetu wenyewe ya kusimulia.

Mwenzetu mmoja aliona fanksheni katika draiva ya kifaa kidogo cha kupimia joto. Akatafuta jina lake katika msimbo wote, hakuna aliyeliita. Akaifuta, akajenga kerneli kwenye kompyuta yake, ikajengeka bila lawama. Tukapongezana, kiraka kikapelekwa kwa wasimamizi. Siku ya pili asubuhi, tukiwa kazini, jibu likaja kutoka kwa roboti inayojenga viraka vya watu kwa mipangilio mingi tofauti: kwa bodi za ARM, ujenzi umevunjika. Kumbe kulikuwa na faili linalojengwa kwa bodi hizo tu, na ndani yake jina la fanksheni ile liliunganishwa na makro kutoka vipande viwili. Ukitafuta jina zima hulioni kamwe. Tulikuwa tumemtangazia mtu kifo naye yuko shambani analima.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Tunajenga kwa prosesa zaidi ya moja. Tunasoma historia ya fanksheni, nani aliileta na ya nini, na aliyeiita wa mwisho aliondolewa lini. Tunatumia pia Coccinelle, chombo kilichotengenezwa na watafiti wa Inria nchini Ufaransa, ambacho hakitafuti neno bali umbo la msimbo: palipo na kushika pasipo na kuachia. Na tunamtajia msimamizi hayo yote katika maelezo ya kiraka, kwa kuwa uaminifu huku umeshawahi kuchezewa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionekana kuwa walikuwa wamepeleka makusudi viraka vyenye kasoro za kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, ili kuona kama vitapita. Chuo kizima kikafungiwa mlango kwa muda, na kazi zake za nyuma zikapitiwa upya. Kiraka kidogo kutoka kwa jina lisilojulikana hutazamwa kwa jicho kali, na kwa maoni yetu ni haki.

Wakati mwingine kinachofutwa si fanksheni moja bali kijiji kizima. Mwaka 2018 kerneli iliondoa aina nane za prosesa ambazo hazikuwa tena na watumiaji wa kutosha, karibu mistari 500,000. Kisa kinachowagusa wakazi wa Houston zaidi ni cha Itanium, prosesa iliyobuniwa na Intel pamoja na HP na kuingia sokoni mwaka 2001. Mwaka uliofuata HP iliinunua Compaq, kampuni iliyozaliwa Houston. Intel ilipeleka shehena za mwisho za Itanium mwaka 2021, na kerneli 6.7 ilipotoka Januari 2024, msimbo wake haukuwamo. Wapo wapenzi wachache wanaoendelea kuitunza kivyao, nje ya msimbo mkuu. Lakini kanuni ya kerneli ni kwamba asiyekuwamo ndani ya msimbo huo hahesabiwi.

Na hilo ndilo linalotukosesha raha, kwa sababu nasi huku tuna tabia ya kupeleka nyumbani simu zetu za zamani. Kiraka kikikubaliwa leo kinaingia kwenye msimbo mkuu, kisha kwenye matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu, kisha kinamsubiri mtengeneza simu akipeleke kwenye simu yenyewe. Simu iliyoachwa na kampuni yake haifikiwi. Kioo kinang'aa, betri inakaa, na ndani yake kuna kiini kisicho na mfagiaji.

Mwezi uliopita mwenyeji wetu alikuwa anafunga sanduku la mama yake wa Morogoro: vitenge, dawa za presha, na simu aliyokuwa ameiacha yeye. Tukamwomba aiwashe, tukafungua mipangilio, tukaangalia tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ilisema 2019. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mama ameshaahidiwa, na nauli ya mtu anayebeba sanduku imeshalipwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Simu ile haikusafiri. Iko hapa Pearland, watoto wanaangalizia katuni, na mama anasubiri nyingine mwezi wa kumi na mbili.