Mafuriko Yanayokuja Jua Likiwaka

Mkazi wa Garsen au Hola hahitaji kuelezwa kwamba mto unaweza kuvunja kingo zake mchana kweupe, jua la utosi, bila tone la mvua kuanguka kijijini. Mgeni ndiye anayeshangaa. Maji hayo yalinyesha Nyeri, Murang'a, Embu au Meru siku kadhaa zilizopita. Mto Tana unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapitia Garissa, kisha unashuka kwenye tambarare ya Kaunti ya Tana River hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa hiyo mkulima wa Wema akisikia redioni kwamba pwani kutakuwa na jua na upepo wa wastani, akatulia, amesikiliza utabiri wa watu wengine. Utabiri wake yeye ni ule wa nyanda za juu.

Kati ya milima hiyo na kaunti hii kuna mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kila mafuriko yakija, vijiwe vya kahawa huwa na kauli moja: "Wamefungulia mabwawa." Hasira hiyo naielewa, ila inaficha namna mambo yanavyokwenda. Mabwawa haya yalijengwa kwanza kwa ajili ya umeme. Masinga, lililo juu kabisa na kubwa kuliko yote, hushika maji yapatayo mita za ujazo bilioni moja na nusu. Kiangazi kikiwa kimelipunguza, humeza mvua kubwa na watu wa chini wasijue kilichotokea. Likiwa limeshajaa, maji yanayoingia hayana pa kukaa. Hupita njia ya kumwagia na kuteremka bwawa baada ya bwawa hadi Kiambere, ambalo ni la mwisho. Ndiyo maana mvua ya kiasi kile kile hupita salama mwaka mmoja na kuzamisha vijiji mwaka mwingine. Masika ya 2024 yalikuja nyuma ya vuli ya El Niño ya 2023, ardhi ikiwa bado imeshiba maji. KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, inapotangaza kwamba Kiambere limeanza kufurika, mtu wa Nairobi husikia habari ya umeme. Mtu wa Tana Delta anapaswa kuanza kufunga virago.

Hata hivyo, mabwawa yakiwa kimya usidhani umesalimika. Chini ya Kiambere mto bado unapokea vijito vikubwa kutoka pande za Meru na Tharaka, kama vile Mutonga na Kathita, na hakuna bwawa kubwa mbele ya vijito hivyo la kuvizuia visifike Garissa. Kisha kuna laga. Laga hukaa mchanga mtupu miezi mingi, watoto wakiichezea na mifugo ikiikata kwenda malishoni, halafu mvua ikipiga huko ilikoanzia hushuka maji mekundu yenye magogo. Mafuriko ya mto hukupa siku. Laga hukupa saa, pengine pungufu. Aliyejenga ukingoni mwa laga hana muda wa kufungasha, na mpango wake ni mmoja tu: mawingu yakitanda upande wa juu, familia haipiti wala hailali hapo.

Turudi kwenye mto wenyewe, maana siku hizo unazopewa ndizo habari yote. Kutoka Garissa hadi Garsen, Tana hujipindapinda juu ya ardhi iliyo karibu bapa, na wimbi la mafuriko hutambaa kwa siku kadhaa kabla ya kufika chini. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima kina cha mto pale Garissa, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari zake. Lakini kijiji kinaweza kuwa na kipimo chake pia, tena kwa gharama ndogo. Boriti ya mkoko iliyopakwa rangi kwa vipande vya sentimita kumi, nyeupe na nyeusi, hupigiliwa ukingoni mahali mkondo haukimbii sana. Alama nyekundu huwekwa kwenye kina ambacho, safari iliyopita, kilifikiwa siku mbili kabla ya maji kuingia majumbani. Wazee wanalikumbuka jambo hilo, na mara nyingi doa la tope bado linaonekana kwenye shina la mwembe. Kijana mmoja anasoma asubuhi na jioni na kutuma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Cha kutazama si kina peke yake, bali kasi: maji yakipanda kila unapoyasoma, na Garissa nako yanapanda, usingoje yafike kwenye nyekundu.

Kama onyo huja mapema hivyo, kwa nini bado watu huokolewa juu ya mapaa? Siwaiti wabishi, kwa sababu mafuriko ya Tana ni riziki pia. Huacha tope linalorutubisha mashamba ya Wapokomo, hufufua malisho ambayo ng'ombe wa Waorma huyatazamia wakati wa kiangazi, na hujaza maziwa ya delta samaki. Watu hapa huyaomba mafuriko madogo na kuyaogopa makubwa, na siku ya kwanza huwezi kuyatofautisha. Ongeza hofu ya wezi wa mabati na mbuzi, ongeza kumbukumbu ya onyo la mwaka fulani lililopita bila maji kufika, utaona kwa nini baba hubaki nyumbani "kuangalia kwanza."

Amri ya kawaida ya serikali ni kwamba watu wahamie maeneo ya juu. Juu wapi? Katika tambarare hii mwinuko ni mita chache tu, na mara nyingi ni malisho ya mtu, kiwanja cha shule au tuta la barabara. Ardhi hapa si jambo la mzaha: mapigano kati ya Wapokomo na Waorma mwaka wa 2012 hadi mapema 2013 yaliua watu zaidi ya mia moja. Familia mia mbili zikipandisha mahema usiku kwenye malisho ya jirani bila salamu, tumeongeza janga juu ya janga. Kwa maoni yangu, maandalizi ya nyumba katika kaunti hii yaanzie hapo: wakati wa kiangazi, kwenye baraza, mbele ya chifu na wazee wa pande zote mbili, ikubaliwe kijiji fulani kitahamia wapi, mifugo itafungwa wapi, maji ya kunywa yatatoka wapi na vyoo vichimbwe upande gani. Orodha za tochi na filimbi zinazonakiliwa kutoka nchi nyingine zitafuata baadaye.

Wa kwanza kuondoka ni mjamzito aliyekaribia siku zake, wazee, na wanaotumia dawa kila siku, iwe ya presha, kisukari, kifua kikuu au ARV. Barabara ikikatika, kama ilivyokatika kati ya Madogo na Garissa, zahanati ya karibu inakuwa ng'ambo ya maji. Aprili 2024, pale Kona Punda, mashua iliyokuwa ikivusha watu kwenye eneo hilo lililofurika ilipinduka na watu wakafa maji. Anayelazimika kuvuka avuke mchana, katika chombo kisichojazwa kupita kiasi, akiwa amevaa boya. Kutembea je? Maji ya magotini yanayokimbia yanatosha kumwangusha mtu mzima. Ukikwama, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Vitambulisho, kadi za kliniki za watoto na karatasi za shamba viingie kwenye mfuko wa plastiki, na picha zake zibaki kwenye simu ya jamaa aliye mbali. Noti ndogo ndogo zihifadhiwe, maana mlingoti wa simu ukizima, M-Pesa haina faida. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kipindupindu hakikukawia kuibuka katika kaunti hii baada ya mafuriko ya 2024.

Kwa wafugaji kuna adui asiyeonekana. Mayai ya mbu wanaobeba homa ya Bonde la Ufa hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi, na maji yakituama juu yake huanguliwa. Ndivyo mlipuko wa 1997 na 1998 na ule wa 2006 na 2007 ulivyopiga kaskazini mashariki mwa Kenya. Chanjo ya mifugo ina maana kabla ya mvua; ugonjwa ukishaingia, sindano moja inayopita ng'ombe hadi ng'ombe inaweza kuueneza. Kondoo na mbuzi wakianza kuharibu mimba kwa wingi, aarifiwe daktari wa mifugo, wala asichinjwe mgonjwa ili "nyama isipotee." Kumchuna kwa mikono mitupu ni njia mojawapo ya kuuingiza ugonjwa nyumbani, na maziwa yake yasinywewe mabichi.

Kitu kinachosahauliwa kuliko vyote ni mbegu. Nimeona familia zikiokoa godoro na redio, na gunia la mbegu za mahindi likiozea uchagani. Mbegu ya msimu mmoja, mahindi na kunde, huenea kwenye jerikani moja iliyokauka vizuri, ikafungwa kifuniko na kutangulizwa kambini pamoja na watoto. Maji yakipwa, ardhi hubaki na unyevu kwa muda wa wiki chache tu, na mwenye mbegu mkononi hupanda bila kungoja mvua wala lori la msaada. Asiyekuwa nayo huliona shamba lake likikauka na kupasuka huku mgao wa mbegu ukiwa bado unajadiliwa katika ofisi za kaunti huko Hola.