Seva inapokwama kuwaka kwa kukosa intaneti

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini Kenya, Tanzania na kwingineko Afrika Mashariki. Waya wa TEAMS, utokao Fujairah katika Milki za Kiarabu hadi Mombasa, haukuguswa, na ndio uliotusitiri Wakenya kwa kiasi fulani.

Siku za aina hiyo huzaa tatizo la pili lisilotangazwa. Mtandao ukishapotea, mtu ofisini huzima kila chombo chenye taa: ruta, swichi, na hatimaye seva yenyewe, akitumaini kwamba vikiwashwa upya mambo yatanyooka. Seva iliyokuwa ikiwahudumia wafanyakazi barabara humo humo ndani, bila kuhitaji lolote kutoka nje, sasa inakwama katikati ya kuwaka. Fundi anaizima tena. Na tena.

Mara nyingi mashine hiyo si mbovu. Inasubiri jibu ambalo haliji.

Seva huwaka kwa hatua. Kwanza hukagua kumbukumbu na diski zake, kisha hupakia mfumo wa uendeshaji, ndipo programu za huduma zianze moja baada ya nyingine. Baadhi ya programu hizo huuliza maswali: anwani yangu ni ipi, mashine yenye jina fulani iko wapi, leseni yangu ingali halali, sasa ni saa ngapi? Katika mifumo ya Linux, swali la kutafuta jina kwa kawaida hungoja sekunde 5 kabla ya kurudiwa, na hatua ya kusubiri mtandao uwe tayari yaweza kuchukua dakika 2 nzima. Maswali yakirundikana, seva huonekana imekufa, kumbe i hai.

Swali la saa ndilo lenye hila zaidi. Ndani ya seva mna betri ndogo yenye umbo la sarafu, inayotunza tarehe stima inapopotea. Betri hiyo ikichoka, mashine huamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Siku za kawaida hakuna anayegundua, kwa kuwa huduma za saa mtandaoni huirekebisha mara moja. Intaneti isipokuwepo, kosa hubaki: vyeti vya usalama vilivyotolewa juzi huonekana kana kwamba muda wake haujaanza, na programu hukataa kuwasiliana. Hapo tarehe iwekwe kwa mkono, kisha betri ibadilishwe.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa swichi ya stima, soma mstari wa mwisho kwenye kiwambo. Ndio unaotaja kinachosubiriwa. Iwashe ruta ya ofisi hata kama haina intaneti, maana mara nyingi ndiyo inayogawa anwani. Halafu, ukiwa kwenye kompyuta nyingine, iite seva kwa nambari ya anwani yake badala ya jina. Ikiitikia nambari na kukataa jina, ugonjwa uko kwenye majina, na tiba ni kuandika majina ya mashine za ofisi katika faili ya seva yenyewe.

Hatari ya kuzimazima si ndogo. Katika chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanyia kazi, kurasa za toleo la kesho zilikuwa ndani ya seva iliyokwama, na fundi kijana alikuwa tayari ameinyoosha mikono kuichomoa kwa mara ya tatu. Mkubwa wake akamshika bega. Mashine ilikuwa ikikagua diski. Kuikata hapo kungeweza kuvuruga kurasa zote. Tulingoja tukitazama saa ya ukutani, na gazeti likachapishwa.

Hata wakubwa hunaswa. Oktoba 4, 2021, Facebook ilipotoweka mtandaoni kwa takriban saa 6, wahandisi wake walicheleweshwa kwa sababu zana zao za ukarabati zilitegemea mtandao ule ule uliokatika.

Mwenye seva anaweza kujua mapema iwapo yake itamwangusha. Achague Jumamosi isiyo na kazi, ahifadhi nakala ya data, achomoe waya wa intaneti, kisha aiwashe seva upya akiwa na kalamu mkononi, aandike kila mahali inapositasita.